Toleo Lijalo

Ukitaka kumwona Bi Lebo akigeuka mbogo, bandika tiketi lebo ya "Lijalo" halafu ukae pembeni uone. Ofisini wote wanajua. Jina lenyewe walimpa kwa utani, likanasa, na siku hizi hata mlinzi wa getini anamwita hivyo kwa adabu zote, utadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Kazi yake ukiisikia unaweza kusinzia. Kampuni yao inatengeneza programu ya hospitali, ile inayojua nani amelala kitanda gani na anapewa dawa gani. Muuguzi akiona kasoro anaiandika kwenye mfumo, inakuwa tiketi, na tiketi inabandikwa lebo ya toleo: kasoro hii itarekebishwa kwenye toleo la Tano, ile kwenye la Sita. Siku toleo linapotoka, tiketi zote zenye lebo yake zinajifunga zenyewe, na kila aliyeripoti anapata barua pepe ya kumshukuru na kumwambia kwamba tatizo lake limekwisha, chini yake jina la aliyeibandika lebo. Bi Lebo ndiye anayehakikisha lebo hizo zinasema kweli. Basi. Hapo ndipo anapopatia riziki, na hapo ndipo wanapomtoa roho.

Maana mafundi wa pale, jamani, ni watu wenye haya. Hakuna hata mmoja anayeweza kumwambia muuguzi wa watu, "Hili limetushinda." Wanaona ni utovu wa adabu. Kwa hiyo zamani hizo mtu mmoja mwenye roho nzuri akatengeneza lebo isiyo na namba, akaiita "Lijalo", na tangu hapo kila kasoro ngumu ikatupwa humo. Likatoka toleo la Tatu, Lijalo bado linakuja. Likatoka la Nne, likatoka la Tano, Lijalo liko njiani tu. Na kwa kuwa halina namba, halikuhesabiwa kwenye toleo lolote. Kila siku ya kutoa toleo jipya skrini ilionyesha kasoro zilizobaki ni sifuri, watu wakapongezana, wakaagiza soda.

"Lijalo ndiyo nini?" Bi Lebo alikuwa akiwauliza mikutanoni. "Nionyesheni kwenye kalenda. Ni Jumatatu au ni Alhamisi?"

"Bi Lebo, punguza moto," kiongozi wao alikuwa akimjibu. Huyu wanamwita Fasta, kwa sababu kwake kila kitu ni fasta fasta, hata chai anaimeza ikiwa bado inatoa moshi. "Ni lebo tu hiyo."

Ni lebo tu. Haya, tulishike hilo neno.

Siku yenyewe ninayoisema ilikuwa siku ya kutoa toleo la Sita, na Bi Lebo aliianzia hospitali. Mama yake alikuwa amelazwa, sukari imempanda na imegoma kushuka. Kumlaza huyu mama mahali na kumwambia apumzike ni kujisumbua. Ni mama wa maneno. Tangu aingie wodini kila mgonjwa alishajua kwamba binti yake ndiye "mwenye kompyuta zote za hospitali hii," na mtu akijaribu kulala anaanziwa hadithi upya. Bi Lebo alishamkanya mara nyingi. Alishamwambia, "Mama, mimi nabandika lebo tu." Mama anamcheka, anasema mtoto wake ana unyenyekevu.

Asubuhi hiyo mama alimpokea kwa malalamiko. Kitanda chake kilikuwa mlangoni, na kila kitoroli kinachopita lazima kikigonge.

"Hapa nimelala au niko stendi?" akauliza.

Kitanda cha dirishani kilikuwa kimeachwa wazi alfajiri ile. Mwanamke mwenye kidonda cha mguu aliyekuwa akikilalia alihamishiwa wodi nyingine. Bi Lebo akambembeleza muuguzi mkuu, ambaye wote wanamwita Sista, mama akahamishwa na mito yake na chupa zake za maji na mdomo wake. Alipokwisha kutulia, Sista akatoa roli ya utepe mwekundu mfukoni, akakata kipande, akakifunga kwenye chuma cha kitanda.

"Huo wa nini, Sista?"

"Wa kwenu huu," Sista akasema, wala hakucheka. "Mgonjwa akihama kitanda, programu yenu inatutolea karatasi ya dawa yenye jina lake juu, na chini dawa za yule aliyetoka. Jina ni lake, dawa si zake. Kwa hiyo tukiona utepe hatuiamini karatasi, tunafungua faili kwanza. Niliripoti zamani. Nikajibiwa vizuri tu, kwa heshima: toleo lijalo. Nimesubiri mpaka nimeanza kununua utepe kwa roli."

Bi Lebo alitamani ardhi ipasuke. Akauliza kwa sauti ya chini, "Aliyekuwa hapa alikuwa anachomwa nini?"

"Penisilini."

Mama yake aliwahi kuchomwa penisilini kwa ajili ya jipu tu, jipu la kawaida, uso ukavimba mpaka macho yakapotea, koo likaziba, madaktari wakamrudisha duniani kwa kudra za Mungu. Tangu siku ile faili lake lina maandishi makubwa ya wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza.

"Usiogope," Sista akamwambia, akiugonga utepe kwa kidole. "Huu upo."

Bi Lebo alifika ofisini amefura. Hakumsalimu mtu. Alikaa, akafungua mfumo, akaitafuta lebo ya Lijalo na tiketi zake zote zilizolala humo miaka na miaka, na hapo ndipo wazo likamjia. Si mnasema Lijalo? Toleo lijalo ni lipi leo? Si la Sita? Basi. Akazichagua zote kwa mkupuo mmoja, akazihamishia lebo ya Sita, kisha akaifuta Lijalo isionekane tena duniani. Pale juu ya skrini ile sifuri ya kasoro zilizobaki ikaruka ghafla, ikawa tarakimu tatu. Ee, raha aliyoisikia! Alasiri kulikuwa na mkutano wa kutoa toleo. Alitaka waingie mle na soda zao, wakute mzigo wote umewakodolea macho, wasiwe na pa kuuficha, waanze kuujibu mmoja mmoja.

Hakumwambia mtu. Alitaka kuziona sura zao. Hapo ndipo alipochemsha, na mimi simtetei: mtu huhamishi tiketi zote zile siku ya kutoa toleo ukakaa kimya eti unangoja sinema.

Akiwa bado anajipongeza, binti wa meza ya jirani akageuka. Huyu ndiye anayejibu barua za wateja, na kwa sababu ya alama yake ya shavuni wanamwita Kidoti.

"Bi Lebo, leo kuna nini? Mbona watu wanatushukuru?"

"Nani anatushukuru?"

"Wote. Huyu hapa anasema Mungu atubariki. Huyu anasema alikuwa ameshakata tamaa. Huyu anasema amelia." Kidoti alikuwa anacheka, amefurahi, masikini, maana kwenye meza ile alikuwa amezoea matusi. "Zinaingia tu. Hee! Tumefanya nini?"

Bi Lebo akatazama skrini yake. Ile tarakimu ya juu ilikuwa imerudi sifuri.

Akapikicha macho. Akafungua tiketi ya kwanza: imefungwa. Ya pili: imefungwa. Zote zile, za miaka yote, ambazo hakuna fundi aliyezigusa hata kwa kidole: zimefungwa, zimefungwa, zimefungwa. Na juu kabisa, kwa rangi ya kijani: toleo la Sita limeshatoka.

"Haiwezekani," akasema. "Mkutano ni alasiri. Nani katoa?"

Mlango ukafunguliwa, akaingia Fasta, tai imelegea, meno yote nje.

"Wapendwa, tumemaliza! Nilikuwa kwa mteja, akaniuliza toleo liko wapi, nikamwambia ngoja, nikatoa simu, nikabonyeza palepale mbele yake. Bosi wao kabaki mdomo wazi. Fasta fasta!"

"Uliangalia hesabu ya kasoro?" Bi Lebo akauliza.

"Si nilikuta sifuri."

"Lini?"

"Jana."

"Jana!" Bi Lebo alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Jana, Fasta? Mimi leo asubuhi nimezihamisha zote za Lijalo nikaziweka Sita!"

Meno ya Fasta yakarudi ndani polepole. "Zote?"

"Zote."

"Bila kuniambia?"

"Na wewe umetoa bila kutazama!"

Wakabaki wanatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja anatafuta pa kumtupia mwenzake lawama na hapaoni. Kidoti peke yake ndiye aliyekuwa bado anasoma, sauti imemshuka, ile furaha imeshamtoka.

"Bi Lebo, kuna hii ya wodini. Inasema: 'Asanteni sana kwa kutukumbuka. Tumeipata taarifa kwamba tatizo la wagonjwa wanaohamishwa vitanda limetatuliwa. Tepe zote tumezifungua. Wenu, Sista.'"

Bi Lebo alishika ukingo wa meza. Hakuna aliyemwelewa, maana hakuna aliyekuwa ameuona ule utepe. Wao walisikia habari ya tepe tu, yeye aliona uso wa mama yake ukivimba.

"Mama yangu," akasema. "Mama yangu yuko kwenye kile kitanda. Asubuhi hii nimemhamisha mimi mwenyewe."

Akapiga simu ya mama. Inaita, inaita, haipokelewi. Akapiga ya wodini, laini ina mtu. Akapiga tena, ina mtu. Sindano za mchana zilikuwa zinakaribia, na mama alikuwa anaingoja yake ya sukari kama kila siku; akiletewa sindano hatashangaa, atajifunua tu.

"Zifungue upya zote!" akamwambia Fasta, huku anatafuta mkoba ambao alikuwa ameushika. "Zifungue sasa hivi!"

"Nikizifungua watapata barua nyingine. Mteja keshatupongeza, Bi Lebo. Tufikirie kwanza namna ya..."

Alichomwambia hapo mimi siwezi kukirudia, watoto wanaweza kuwa wanasoma. Kidoti alichukua simu ya ofisi, akasema, "Wewe nenda, mimi nitapiga mpaka wapokee," na Bi Lebo akatoka mbio, viatu mkononi, akadandia pikipiki ya kwanza aliyoiona na kumwambia dereva asisimame mahali popote. Dereva akataka kuuliza bei. Alipouona ule uso akawasha tu.

Njia nzima alikuwa anapiga simu. Laini ina mtu. Laini ina mtu. Pengine ni Kidoti anapiga, pengine wanazuiana wao kwa wao, akakata, akaogopa kukata, akapiga tena. Alishindwa hata kuomba. Kila akianza kumwomba Mungu alijiona anavyobonyeza pale asubuhi, anavyotabasamu peke yake.

Ngazi za hospitali alizipanda bila kuzihisi. Kwenye mlango wa wodi kitanda cha zamani cha mama kilikuwa kimeshapata mgonjwa mwingine, na chini yake kapu la taka, na ndani ya kapu tepe nyekundu zimejikunja fungu zima. Akatazama dirishani.

Mama alikuwa amelala ubavu, kanga imefunuliwa kiunoni, na nyuma yake muuguzi wa zamu, msichana mdogo mdogo, sindano ameielekeza juu. Lakini mama alikuwa amejiinua kwa kiwiko, shingo ameigeuzia wodi nzima, na anaongea.

"...nikamwambia mwanangu, hizi kompyuta utaziweza? Akaniambia mama niachie. Mnaona leo? Tatizo limewashinda miaka, yeye kaamka asubuhi kaja hapa, kaliona kwa macho yake, kaenda kulimaliza kabla ya chakula cha mchana! Na jina lake limeandikwa, Sista si amesoma hapa mmesikia..."

"Mama, naomba ulale nikuchome," muuguzi alikuwa anamsihi. "Nimekuomba mpaka nimechoka, mama yangu. Ukitikisika hivyo nitakuumiza."

"Namalizia, mwanangu, namalizia. Sasa nyie watu wa kule mlangoni hamjasikia mwanzo..."

"Usichome!"

Bi Lebo alipiga ukelele ambao hakujua anao. Muuguzi akaruka nyuma, sindano ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Wagonjwa waliokuwa wamelala wakaketi. Mama akakodoa macho, kisha uso ukachanua.

"Huyo huyo! Si ndiye huyo ninayemsema!"

"Hiyo ni nini?" Bi Lebo alikuwa anamwuliza muuguzi, pumzi hana. "Kwenye sindano. Ni dawa gani?"

Muuguzi akachukua karatasi kitandani, akasoma. "Ni ya kwake. Jina lake hili hapa. Ni penisilini."

Sista alikuwa amefika, simu ya wodi bado iko mkononi, na kutoka ndani yake sauti ya Kidoti ikiita haloo, haloo. Aliisikia ile dawa. Alikwenda kabatini, akaleta faili la mama, akalifungua ukurasa wa kwanza, akayaona yale maandishi mekundu aliyoyajua siku zote, kisha akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Mimi ndiye niliyezifungua," akasema. "Kwa mikono yangu. Nilifurahi, nikasema hatimaye wametusikia."

Mama alikuwa anawatazama mmoja mmoja. Aliivuta kanga yake akajifunika.

"Nilijua kuna kitu," akasema taratibu. "Kila siku wananichoma tumboni, leo naambiwa geuka huku. Nikataka kukataa. Halafu nikajiambia, labda haya ndiyo mabadiliko ya mwanangu, nisije nikamwaibisha." Akamgeukia binti yake. "Si umelitengeneza?"

Wodi nzima ilikuwa inamngoja. Wale wa kule mlangoni, ambao hawakusikia mwanzo, walikuwa wameinua vichwa.

"Sijalitengeneza, mama. Hakuna aliyelitengeneza."

"Lakini barua ina jina lako."

"Nilibadilisha lebo tu."

Mama hakujibu. Huyu mama ambaye tangu alazwe hajamwachia mtu nafasi ya kupumua, hakujibu. Akageuza uso dirishani, na Bi Lebo akaona bega lake likitikisika chini ya kanga, akajua kwamba mama yake ndiyo kwanza ameelewa ilivyokuwa karibu.

Simu ikalia mkobani. Fasta. Sauti yake haikuwa na fasta yoyote.

"Kidoti ameniambia. Mama yuko salama?"

"Yuko salama."

"Nazifungua upya zote, mteja aseme atakalosema." Akasikika akibonyeza. "Ila mfumo unanidai lebo. Nikishazifungua, niandike toleo gani?"

"Usiandike toleo. Andika halijatatuliwa. Kila barua, kwa kila mtu, kwa maneno hayohayo. Na weka jina langu chini, palepale lilipokuwa."

Sista alikuwa ameinama kwenye kapu la taka, anazitoa tepe, anazinyoosha moja moja kwenye paja lake. Akaja na moja, akataka kuifunga kwenye chuma cha kitanda. Mama akaushika mkono wake.

"Hapana, Sista. Hapo ikija barua nyingine mtaufungua tena." Akautoa mkono wake mwenyewe nje ya kanga, akauweka juu ya shuka, kiganja juu. "Nifungieni hapa. Afunge yeye."

Bi Lebo akaupokea utepe. Akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wa mama yake, akapiga fundo, vidole havimtii, akalifungua, akalipiga upya.

"Kaza," mama akasema, bado anatazama dirishani.

Akakaza.

"Kaza zaidi."